Umemkosa Bata Mzinga Mwitu? Msome Kabla Hujainuka

Majira ya kuchipua yanapoingia Marekani, kuanzia Machi kule Florida hadi mwishoni mwa Mei katika majimbo ya kaskazini, wawindaji wa bata mzinga mwitu huleta malalamiko yaleyale kila mwaka. Mmoja amefyatua na dume akabaki amesimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwingine ameona manyoya yakipeperuka lakini hakuna ndege chini. Wa tatu hajasikia mlio wowote porini tangu siku ile, na anaamini ameliharibu eneo zima kwa risasi moja. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, yaani kwa kile ulichomwona ndege akifanya. Katika kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi ndiyo inayotangulia.

Shika jambo moja kwanza: ndege huyu huogopa anachokiona kuliko anachokisikia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, mchana huona rangi vizuri, na akigeuza shingo kidogo tu hakuna upande unaomponyoka. Makelele kwake ni jambo la kila siku. Radi, mti unaoanguka, mlango wa gari unaobamizwa barabarani, yote ameyazoea. Dume aliye katika msimu wa kutafuta majike huijibu hata radi kwa gulugulu lake. Kwa hiyo mlio wa bunduki peke yake haumwambii kwamba kuna mtu ameegemea mwaloni. Anayemwambia ni mtu huyo anapoinuka.

Aliyewahi kuwatazama kanga wa porini kwetu hatashangaa sana. Nao hutegemea miguu kabla ya mabawa, usiku hulala mtini, na wakitawanywa huitana hadi wakusanyike tena.

Sekunde za kwanza, iwe dalili gani

Baki umekaa. Shavu libaki kwenye kitako cha bunduki, macho yabaki kwa ndege. Kama bunduki ni ya pampu (ya kukokwa kwa mkono), ingiza risasi nyingine taratibu, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Wengi huinuka hapohapo ili "waone vizuri", na ndivyo wanavyopoteza nafasi ya pili ambayo ndege alikuwa tayari kuwapa.

Weka alama kichwani: alisimama karibu na mti gani, alielekea upande gani, mara ya mwisho ulimwona wapi. Ukishanyanyuka na kutembea hatua thelathini, msitu wote hufanana.

Tena, hesabu kwamba umempiga hadi upate ushahidi wa kinyume. Bata mzinga dume mkubwa ana uzito wa kilo 8 hadi 11 na manyoya mazito. Anaweza kubeba marisau, yale magololi madogo yanayojaa ndani ya risasi, mwilini na kukimbia kama mzima.

Dalili: anasimama palepale, shingo juu, au analia gulugulu

Hii huwashangaza wageni, lakini hutokea sana.

Sababu ya kwanza ni kwamba hajui mlio umetoka wapi. Mwangwi wa bunduki msituni huja kutoka pande zote, na kama marisau yamepita juu ya kichwa chake, hakuna kilichomgusa wala kutikisa majani karibu naye. Anainua shingo na kutafuta kwa macho. Sababu ya pili ni gulugulu la mshtuko: dume aliyepandwa na damu hujibu mlio wowote mkali kabla hajafikiri. Ya tatu, isiyotokea mara nyingi, ni kwamba amepigwa na amepigwa butwaa. Atasimama kidogo, kisha aanze kuyumba au kulegeza bawa moja.

Hatua rahisi ni kutofanya chochote. Hesabu pumzi zako. Akianza kutembea polepole, mwite kwa sauti ndogo ya jike, mara moja au mbili tu, na kifaa kisichohitaji mkono ikiwezekana. Vile vya utando vinavyokaa mdomoni vina faida hapa, kwa sababu kusugua kisanduku cha mbao cha kuitia ni mwendo, na mwendo ndio anaoutafuta.

Risasi ya pili unaipiga iwapo mambo yote matatu yapo: amesimama, yuko ndani ya umbali uliokwisha kuupima, na kichwa chake kiko peke yake bila jike au dume jingine nyuma yake. Likikosekana moja, acha. Angalia pia kanuni za jimbo kuhusu idadi ya risasi zinazoruhusiwa ndani ya bunduki, maana majimbo hayalingani.

Dalili: anakimbia huku akitoa "pt! pt!" mfupi na mkali

Huo ndio mlio wake wa hatari, na wenzake wote wanauelewa.

Mara nyingi amekuona. Ulishusha bunduki, uligeuza uso, au uso wako ulikuwa wazi bila barakoa. Sababu inayofuata ni marisau yaliyochana majani na kurusha udongo miguuni pake, na hilo hutokea risasi ikienda chini. Wakati mwingine hakuona chochote yeye mwenyewe: jike moja lilishtuka na kundi zima likalifuata.

Usimpige akikimbia. Kichwa chake hucheza mbele na nyuma, naye anaweza kufikia kilomita 40 kwa saa. Kinachopatikana hapo kwa kawaida ni marisau ya mgongoni na mapajani, yaani ndege aliyejeruhiwa na nyama iliyoharibika.

Aliyekimbia bila kukuona vizuri hupunguza mwendo baada ya kupotea machoni pako. Kaa nusu saa hadi saa nzima. Katika majira ya kuchipua, madume mawili au matatu yanayotembea pamoja yakitengana, moja linaweza kurudi kumtafuta mwenzake, na hapo mwito wa taratibu una maana. Lakini kama alikutazama usoni kabla ya kukimbia, sahau asubuhi hiyo. Kumfuata kwa kunyata ni kosa kubwa zaidi, na tena ni hatari: ardhi ya umma ina wawindaji wengine waliojificha, nao wanasubiri kitu kinachotikisika vichakani. Kwa sababu hiyohiyo usivae nyekundu, nyeupe wala buluu msituni msimu huu. Hizo ndizo rangi za kichwa cha dume.

Dalili: ameruka

Hapa kazi yako ni kutazama tu, hadi mwisho kabisa. Ndege mzima huondoka kwa kishindo cha mabawa, hupanda kupita vilele vya miti, kisha huyanyoosha mabawa na kuteleza hewani mbali sana. Aliyeumia hutoa ishara: mguu mmoja unaning'inia, hapandi juu, anaegemea upande mmoja, anatua mapema mno, au anaruka vizuri kisha ghafla anadondoka. Hili la mwisho ndilo linalowaponyoka wengi, kwa sababu wamekwisha kugeuka kuokota vifaa vyao.

Ukiona ishara yoyote kati ya hizo, nenda kwenye dalili inayofuata. Usipoiona, bado tembea hadi aliposimama ukatafute damu na manyoya, kisha fuata mstari alioruka mita mia moja au mia mbili.

Kama ni majira ya kupukutika majani na jimbo lako linaruhusu uwindaji wakati huo, kundi lililotawanyika kwa kuruka pande zote si hasara hata kidogo. Makinda ya mwaka huo hayapendi kuwa peke yake. Kaa karibu na mahali walipotawanyikia, tulia, na baada ya muda utasikia sauti nyembamba za "ki-ki-ki" za vijana wanaomtafuta mama. Ziige. Wawindaji wa zamani hulitawanya kundi kwa makusudi ili wapate hali hii. Wakiwa wameondoka wote pamoja kuelekea upande mmoja, mbinu hiyo haina nguvu, maana hakuna aliyepotezana na mwenzake.

Dalili: ameanguka, amegaragara, kisha amenyanyuka na kukimbia

Hapa ndipo penye uzito, na hapa kanuni ya kubaki umekaa inakoma. Ndege akianguka, weka kizuizi cha usalama, inuka, na umfikie haraka bila kukimbia kizembe na bunduki mkononi. Kupiga mabawa chini si uthibitisho wa kufa wala wa kupona. Aliyevunjika shingo hupiga mabawa kwa nguvu, na aliyezimia kwa risau moja la kichwani naye hulala kimya kabla ya kuamka.

Sababu, kwa mpangilio:

1. Marisau machache yamegonga kichwa au shingo bila kuvunja uti wala kufika kwenye ubongo. Huanguka, huamka, hukimbia.
2. Bawa limevunjika. Hawezi kuruka, lakini miguu ni mizima, na miguu ndiyo silaha yake.
3. Mguu umevunjika. Huyu kinyume chake hujikokota kisha akaruka.
4. Amepigwa tumboni au kifuani. Huenda mbali, hujificha, hufa baadaye.

Akiwa bado yuko karibu na amenyanyua kichwa, mpige tena kichwani mara moja bila kusita. Ukimfikia chini, mkanyage shingoni kwa buti hadi atulie. Usimshike miguu kwa mikono mitupu angali anapigapiga. Kipi, yaani mwiba wa nyuma ya mguu, cha dume mzee huzidi sentimita mbili na nusu na huchana kiganja.

Akikuponyoka, simama pale alipoangukia na usome. Manyoya ya kifuani yaliyokatwa nusu, bila damu, mara nyingi yana maana kwamba risasi ilimpitia tu. Manyoya mengi yenye mizizi, damu kwenye majani, au alama ya bawa linaloburuta ardhini ni habari nyingine. Damu ya bata mzinga haimwagiki njiani kama ya swala, kwani manyoya huinyonya. Hivyo, kuwa na damu kidogo si kusema jeraha ni dogo.

Aliyeumia hatafuti umbali sana, hutafuta kifuniko. Angalia chini ya magogo, ndani ya malundo ya matawi yaliyokatwa, kwenye kingo za vijito zilizobonyea, chini ya vichaka vya miiba. Anaweza kujibana kimya kabisa ukipita hatua mbili kutoka kwake. Tafuta kwa mizunguko inayopanuka, si kwa mstari mmoja, na angalia nyuma ya kila gogo. Funga kitambaa penye alama ya mwisho uliyoiona, ili ukipotea urudi hapo.

Simama na uombe msaada iwapo:

- Nyayo zimevuka mpaka wa shamba la mtu. Katika majimbo mengi huruhusiwi kuingia bila idhini, hata bila bunduki. Mpigie mwenye shamba, na asipopatikana au akikataa, mpigie askari wa wanyamapori wa jimbo.
- Saa za kuwinda zimekwisha. Baadhi ya majimbo hufunga mchana katika majira ya kuchipua, na kuonekana msituni na bunduki baada ya hapo kunaweza kuhesabiwa kosa. Piga simu kwanza, ueleze.
- Umetafuta na hujaona chochote kipya. Kuna watu wenye mbwa waliofunzwa kufuata wanyama waliojeruhiwa, lakini matumizi ya mbwa hayaruhusiwi kila mahali, kwa hiyo uliza ofisi ya wanyamapori kabla ya kumwita mtu.
- Mtu yeyote amepigwa, hata risau moja tu mguuni. Piga 911, namba ya dharura ya Marekani, na uache ndege.

Sheria nyingi za majimbo zinadai mwindaji afanye juhudi ya kweli ya kumpata aliyemjeruhi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakamhesabu ndege aliyepotea na damu kuwa ndiye wao wa msimu, wakafunga bunduki. Mimi niko upande wao.

Dalili: wenzake hawakimbii, wanamshambulia aliyeanguka

Ni kawaida. Madume mengine humrukia kwa miiba ya miguuni na midomo yule aliyekuwa mkubwa wao. Usimpige mwingine kwa bahati mbaya: kama kibali chako cha siku ni ndege mmoja, kazi imekwisha. Inuka taratibu, nao wataondoka.

Dalili: eneo limekuwa kimya siku zilizofuata

Hapa ndipo mwindaji hujilaumu bure. Anadhani dume "ameelimika" na kuhama. Sababu halisi, kuanzia ile ya kawaida zaidi:

Yuko na majike. Dume aliyezungukwa na majike hana haja ya kupiga kelele, na hilo lingetokea hata kama hukufyatua. Majike yakianza kutaga, hasa kati ya saa tatu na saa sita mchana, huelekea kwenye viota na kumwacha peke yake. Saa hizo ndizo zenye matumaini, wakati wawindaji wengi wameshakwenda kula.

Hali ya hewa. Upepo mkali na mvua huwanyamazisha, na hata wakilia huwezi kuwasikia.

Watu. Katika ardhi ya umma, huenda wengine watatu wamepita hapo tangu siku yako, wote wakiita kwa sauti ileile ya duka lilelile.

Ndipo tunafika kwenye risasi yako. Ndege aliyekosewa kwa kawaida hubaki katika eneo lake la maisha, kwa sababu maji, chakula, majike na miti ya kulala viko hapohapo. Anachobadilisha ni njia na tabia. Huja kimya, husimama mbali akichunguza, au huepuka kabisa ule ukingo wa uwanja alikoona sanamu yako ya jike ya kumvutia.

Anza na ukaguzi mwepesi. Nenda jioni, usikilize anapopanda kulala bila kumwita, na asubuhi usikilize kabla jua halijatoka. Akilia mtini, hajahama. Hapo badilisha vitu: kaa upande mwingine, ondoa sanamu, punguza mwito, au badilisha kifaa. Mpe siku kadhaa kama msimu unaruhusu. Usimkaribie mno mtini; ukimtimua kabla ya mapambazuko umemfundisha somo baya kuliko lile la risasi.

Dalili: unakosa tena na tena

Ndege ameshasomeka, sasa jisome wewe.

Kosa namba moja ni kuinua shavu kutoka kwenye kitako ili kumwona anavyoanguka. Mtutu hupanda, na marisau hupita juu ya kichwa. Kama bunduki yako ina nukta tu ya kulengea na unauona mgongo wa mtutu, tayari unapiga juu.

La pili ni umbali. Kwenye uwanja wazi dume huonekana karibu kuliko alivyo. Pima miti na mawe kwa kipima umbali mara tu unapokaa, kabla ndege hajafika, kisha uweke mpaka wako. Kwa wengi yadi 40, yaani kama mita 36, ni mwisho.

La tatu ni kinyume chake: karibu mno. Choki kali, yaani kipande cha mdomo wa mtutu kinachoubana, hukusanya marisau, na kwa mita 9 mtawanyiko wote una upana wa sentimita chache tu. Ukikosea kidogo, umekosa yote.

Kisha kuna kumpiga akiwa amejitutumua, mkia umetandazwa na shingo imezama ndani ya manyoya. Subiri anyooshe. Mlio mmoja mkali wa jike kwa kawaida humfanya ainue kichwa. Lenga katikati ya shingo, pale manyoya yanapoishia na nyama nyekundu zinapoanzia. Angalia pia tawi dogo lililo kati yenu, maana huzuia marisau kuliko unavyodhani.

Mwisho ni vifaa. Piga karatasi kwa mita 18, halafu mita 36, kwa risasi ileile utakayowindia. Wengi hutaka marisau 100 ndani ya duara la sentimita 25 kwenye umbali huo wa mbali. Ukihama kutoka risasi zenye marisau ya madini ya risasi kwenda zile za tangisteni, metali nzito zaidi, pima upya kabisa: tangisteni ina uzito wa gramu 18 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3 za madini ya risasi, kwa hiyo marisau ni madogo na mengi zaidi, na choki iliyokufaa zamani huenda isikufae. Kama mtawanyiko uko vizuri lakini umekaa pembeni ya alama, kagua skrubu za kifaa cha kulengea na ukazo wa choki, bunduki ikiwa tupu.

Kuna hali tatu ambazo hupaswi kujaribu tena hata mara moja. Ukifyatua na ukasikia "klik" tu, endelea kuelekeza mtutu mahali salama dakika nzima, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kulipuka, ndipo uitoe. Na ukisikia mlio dhaifu, mfano wa kikohozi badala ya kishindo, kitako kisikusukume, na ndege asitikisike, huenda kipande cha plastiki cha ndani ya risasi kimekwama ndani ya mtutu. Vivyo hivyo ukigundua umechanganya risasi za geji 20 mfukoni na za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu): ile ya geji 20, iliyo ndogo, huteleza na kukwama mtutuni, na nyingine ikipigwa nyuma yake mtutu hupasuka. Ndiyo maana za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano. Toa risasi zote, acha bunduki wazi, usisukume kilichokwama kwa fimbo hapo msituni, na uipeleke kwa fundi wa bunduki.